Thuluthi ya Mama Mwanasiti

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili

Dada yangu mpenzi Irène,

Salamu nyingi zikufikie huko Uvira, wewe, shemeji na watoto. Natumaini kile kifua kimepona na sasa unalala vizuri. Huku sote tu wazima, na Mama Mwanasiti ndiye mzima kuliko wote: jana kacheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

Sikiliza kilichomchezesha. Aliwaita wanawe, Khaled na Houda, pamoja na Sheikh Anouar, akasema anataka kuandikisha wasia akiwa bado na meno ya kutafunia pilau yake mwenyewe. Wote wakacheka. Mimi nikajiendea jikoni. Unajua, mama yetu alipofariki, shangazi akakuchukua wewe nami nikabaki kwa huyu jirani, amenilea sawa na Houda, na Jumapili akinipigia pasi gauni la kwendea misa. Lakini katika dini yao mtoto wa kulea harithi, tena Mkristo. Nililijua hilo, sikutaka kusikiliza mambo yasiyonihusu.

Mara Khaled akaja, akaninyang'anya mwiko. Akasema, "Laure, mama amekataa kufungua kinywa mpaka ukae pale."

Sheikh akaeleza kwamba nyumba wataigawana warithi kama sheria inavyotaka, ila mtu anaweza kutoa hadi thuluthi ya mali yake kule moyo wake unakopenda. Mama akasema thuluthi yake ni stoo ya uani na masufuria yote aliyopikia arusi za mji huu. Yawe wakfu: mwenye arusi au msiba aje aazime bure. Houda akauliza kwa upole kama ni kwa Waislamu peke yao.

"Apana, mutoto wangu," Mama akamjibu. "Buterere ilipojaa maji nilipikia watu kule, sikuuliza mutu anasali wapi. Wali hauna dini."

Kisha akanishika mkono. Akasema msimamizi wa wakfu huo ni mimi, na chumba kilichoungana na stoo nikikalie maisha yangu yote. Nikamtazama Khaled, maana stoo ile aliitaka kwa duka lake la vipuri. Akakuna kidevu. Halafu akasema pa kuweka duka patapatikana, lakini dada hauzwi dukani. Hapo nikalia, na Mama akainuka kucheza.

Sasa dada, nikuambie nililokuficha. Nilipokuomba nihamie kwako, nilisingizia kazi. Haikuwa kazi. Niliogopa kwamba siku Mama atakapofumba macho, nitasimama mlangoni na begi langu, sijui mimi ni wa nani. Basi usinitafutie chumba tena. Nitakuja kukutembelea wiki mbili tatu, tucheke tushibe, kisha nitarudi kwetu.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama naye anakusalimu, anauliza utakuja lini, na anasema uje na njaa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Laure wa Mwanasiti