Udongo wa Nyuma ya Tuta

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mkwe wangu. Mimi sijambo. Goti linanisumbua asubuhi, likishapata joto tunaelewana.

Uliuliza kwa nini miche yetu ya mikoko inakufa kila mwaka. Acha nikueleze, maana ualimu haustaafu. Lile tuta la kampuni ya chumvi, iliyofungasha virago zamani, bado linazuia bahari. Mkoko unataka maji yaingie na yatoke. Udongo wake ukinyimwa maji hugeuka mchachu kama siki, na mizizi inaungua. Bwana misitu alikuja kuona, akazama matopeni hadi kiunoni, tukamvuta kama gunia. Alipopata pumzi akasema, "Acheni kupanda. Kateni tuta, bahari italeta mbegu yenyewe."

Kamati yetu ya mikoko imekubali. Bila mikoko mawimbi yanakula ufuko. Jiko la fundi cherehani limeshakwenda. Lakini tuta likikatwa, maji yatafika pale bondeni nyuma yake, kwenye kaburi alimolala binti yenu. Kamati inanisubiri mimi, nami nakusubiri wewe.

Baba yako

29 Machi

Baba, shikamoo,

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Pole na goti.

Jibu langu ni hapana. Miti itaota kwingine. Yule hakufikisha hata mwaka, na pale ndipo mahali pekee alipo duniani. Vibali vyetu vya kuishi huku ughaibuni havijatoka, hatuwezi kuja hata kusimama karibu naye. Mama yake akiota ndoto, anapaota pale. Mwambie huyo bwana misitu akakate tuta la kwao.

Nisamehe ukali.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu, marahaba,

Ukali nimeupokea, ni haki yako. Nimeiambia kamati hapana. Mwenyekiti, yule mama tunayemwita Kitalu kwa jinsi anavyolala na kuamka na miche, akaniuliza, "Sasa mwalimu, sisi tulio hai tujiweke wapi?" Nikavaa kofia nikaondoka. Tangu siku hiyo ananisalimu kwa kidevu.

Haya nayasema kwa sababu huwa unaniuliza habari za huku. Sikusukumi. Msalimie mkwe wangu.

Baba yako

11 Septemba

Baba, shikamoo,

Hali zetu si mbaya. Zako ndizo ulizonificha. Dada amepiga simu. Bahari imeingia chumbani kwako, unalala sebuleni kwake, na ulimkataza asituambie. Kumbe ndiyo maana kimya kilikuwa kirefu hivi.

Kateni tuta. Lakini kwanza mtoe mwanangu, umpeleke mlimani alipozikwa mama. Umchimbue wewe, baba, asimguse mtu mwingine. Kisha uniandikie ulivyomkuta.

Mwanao

2 Oktoba

Mwanangu,

Natumai mko salama. Hii isome ukiwa peke yako.

Nimechimba mwenyewe. Kitalu alikaa pembeni na shuka jeupe alilolifua usiku, akanipa mgongo ili niwe huru. Sikukuta kitu. Nilidhani nimekosea mahali, nikachimba kushoto, nikachimba kulia, nikarudi katikati. Sikuwa nimekosea.

Nilikueleza juu ya ule uchachu. Unakula mizizi ya mikoko, na mifupa ya mtoto mchanga ni laini kuliko mizizi. Kilichoua miche yetu ndicho kilichomla na yeye. Siku tunamzika mimi sikulijua hilo. Nililisoma baadaye, nikilihusisha na miti tu.

Nimejaza udongo wa pale kwenye shuka, nikaubeba hadi juu, nikauzika ubavuni mwa mama yako. Siwezi kukuambia kwamba nimemhamisha mtu. Keshokutwa tunakata.

Baba yako

20 Oktoba

Baba, shikamoo,

Barua niliisoma stoo, kazini, kisha nikarudi kupanga maboksi. Nilipofika nyumbani mama yake alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza hata kabla sijavua koti.

"Baba amesemaje?"

Nikamwambia umemkuta. Nikasema umemkuta amelala ubavu, kama alivyozoea, na blanketi lake la manjano bado lipo. Alilia, halafu akalala hadi asubuhi. Sijamwona akilala hivyo tangu tuhame.

Barua yako nimeichoma. Sasa anataka umsimulie wewe mwenyewe. Anauliza kama blanketi limefifia.

Mwanao

14 Novemba

Mkwe wangu mpenzi,

Natumai u mzima na kazi zinakwenda. Mimi sijambo.

Tuta tumelikata. Maji yaliingia polepole, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Mbegu za mikoko zimeanza kuelea hadi ndani na kukwama matopeni, na chache zimeshatia mizizi. Hatukupanda hata moja. Kitalu anazizunguka siku nzima, hathubutu kuzigusa.

Mume wako anasema unataka kujua kuhusu blanketi. Limefifia kidogo tu, mwanangu, upande wa miguuni. Unyevu hupanda kutoka chini, kwa hiyo nguo huanza kufifia huko. Upande wa kichwani manjano yake yapo vilevile. Mkono mmoja alikuwa ameuweka chini ya shavu. Nilimfunika tena kama nilivyomkuta, nikambeba mwenyewe mpaka juu bila kupumzika, maana hakuwa mzito.

Amelala kando ya bibi yake. Udongo wa huko ni mkavu na mzuri, hauli kitu. Lala salama.

Babu yake