Kovu Penye Jina la Baba

Jumanne, 8 Julai
Makaburini tena, baada ya kufunga cherehani. Mavi. Sina neno lingine la kuanzia. Watu wanaingia kwenye pengo la ukuta, wanachuchumaa nyuma ya wafu wa wenzao, wanatoka wakifunga mikanda. Misalaba ya chuma imeng'olewa karibu yote, imeuzwa. Nimejifunga kitambaa puani nikanakili majina ya upande wa bibi, wale waliotoka Butembo na malori ya maharagwe. Wawili wamepatikana. Babu bado. Nilifika kaburini kwake mara moja tu, nikiwa mdogo, kabla volkano haijafunika njia. Nakumbuka Baba alishika kidole changu akakipitisha juu ya herufi za jina lake mwenyewe, kwenye mstari wa watoto wa Babu. Mwaka huu alikuwa anipeleke tena. Akafa. Sasa natafuta mwenyewe, wanangu wajue wametoka kwa nani. Viatu nimeviacha nje. Harufu imeingia hata hivyo.

Jumapili, 13 Julai
Misa ya kumwombea Baba. Halafu chakula kwa Mama, mtaa wa Mabanga. Baba mudogo Kambale, anayemfuata Baba kwa kuzaliwa, alikula, akaongeza, akapangusa mdomo, akasimama. Eti ana neno la ukweli mbele ya Mungu. Eti Baba hakuwa damu ya Babu. Bibi aliolewa akiwa tayari na mtoto mgongoni.
"Muzee alimulea kwa huruma tu," akasema. "Sasa parseli irudi kwa wenyewe."
Wenyewe wa kiwanja ni yeye. Mama alikuwa bado ameshika sufuria. Hajui kwingine pa kuishi, nyumba hiyo waliijenga pamoja na Baba, jiwe kwa jiwe. Ndugu wote wakaangalia sahani zao. Mafuta ya mbuzi yaling'aa kidevuni mwa Baba mudogo.

Jumatano, 16 Julai
Nimempata Babu. Mwishoni kabisa, ng'ambo ya mawe meusi, chini ya miti. Jina lake zima. Chini yake: WATOTO WAKO. Halafu shimo. Halafu Kambale, Kasereka, Masika.
Shimo refu kama kiganja. Jiwe zima limezeeka, limeota kuvu. Pale peke yake ni peupe. Vumbi la simenti bado liko kwenye nyasi.
Kambale amekuja hapa na patasi, kwa baba yake mzazi. Na bado ni mjinga. Mtu yeyote wa kwetu anajua Kambale ni jina la mtoto wa kiume wa pili. Wa kwanza ni Paluku. Paluku ni Baba.
Nilikaa chini. Nilikalia kitu chenye maji. Sikujali.

Ijumaa, 18 Julai
Karibu na lango yuko fundi anayejengea watu makaburi, Papa Safari. Nilimuuliza kama aliona mtu kwa Babu. Hakuficha. Hakuacha hata kuchanganya simenti.
"Ni mimi nilifanya. Ule papa alisema iko kosa ya ortografu, jina liliandikwa mubaya."
"Hukushangaa?"
"Mama, makosa iko mingi huku."
"Hilo kosa ni baba yangu."
Hapo akasimamisha koleo. Sijui ni haya au ni hofu. Kwanza nilimchukia yeye pia, na mikono yake. Halafu nikamuomba aje Jumapili, kwenye kikao cha nyumba ya Mama, aseme mbele ya familia. Akakwangua simenti kwenye koleo.
"Nitakuja. Lakini ndugu zako wasinicheke nguo."

Jumamosi, 19 Julai
Mtaa wa Majengo, kwa Shangazi Masika, dada yao. Nilidhani atalia nikimweleza. Hakulia. Anajua kila kitu.
"Paluku ni wa baba mumoja na sisi. Nani hajui?"
"Mbona siku ile ulinyamaza?"
"Kambale ndiye ananikalisha hapa. Nyumba ni yake. Ukizeeka utaelewa."
Sitaki kuelewa. Wote wanajua. Walikula kwenye matanga, wakaimba, wakabeba jeneza, na wote wanajua. Shangazi akanimiminia chai ya maziwa. Nikainywa yote. Nachukia kwamba niliinywa.

Jumapili, 20 Julai
Kikao kwa Mama. Baba mudogo Kasereka, anayemfuata Kambale, ndiye alisimamia. Papa Safari alikuja na koti kubwa kuliko mwili wake. Hakuna aliyecheka. Akaeleza. Kambale akacheka yeye, akasema eti mimi nimemnunua huyu fundi.
Papa Safari hakupandisha sauti. "Papa, ulinishikia mwavuli sababu jua ilikuwa kali. Ulisema niingize patasi zaidi, sababu P ilikuwa inaonekana bado."
Nilimwangalia Kambale. Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mikono.
Ndipo Shangazi akasema, macho kwenye mkeka, "Paluku ni wa baba yetu." Basi. Maneno hayo tu, na kwa hayo tu Mama angefukuzwa au angebaki. Kasereka akakata shauri: Mama anabaki, asisumbuliwe tena na mtu.
Nilidhani Kambale ataondoka. Hakuondoka. Alisimama akaongoza sala, akamshukuru Mungu kwa umoja wa familia. Wote, amina. Mama pia, amina. Kambale akapita akimpa kila mmoja wetu mkono. Mkono laini, wenye jasho. Nimenawa kwa sabuni, nikanawa tena. Tumeshinda, na nasikia kinyaa kuliko siku ya kwanza. Kwake, kwa wote waliosema amina. Sauti yangu ilikuwamo.

Alhamisi, 24 Julai
Na Mama kwa Babu, asubuhi. Papa Safari alifagia, akapiga jiwe kwa vidole, akasema pale pamekuwa pembamba, hapawezi kuchongwa tena. Akajaza simenti akaisawazisha. Akanipa msumari.
Nikaandika PALUKU. K imelala upande. Alitaka kuinyoosha, nikamwambia aiache.
Mama alitandika kitenge kwenye kaburi la jirani, akakaa, akavua viatu. Akauliza kama itakauka leo. Papa Safari akasema ndiyo, mvua isiponyesha. Akachukua ndoo yake akaenda.
Mama akasogea kidogo, akanipa nafasi. Tulikaa mpaka simenti ikaanza kubadilika rangi, kwanza pembezoni.