Stika nyekundu kwenye mgongo wangu

Mwenzangu uko wapi? Weka hiyo pasi chini unisikilize. Nina hasira mimi!

Unamjua bosi wetu, Profesa? Siku hizi anapima picha za eksirei kwa rula na kipimapembe, eti aone kama wanaoumwa kiuno uti wao wa mgongo umepinda tofauti na wa wengine. Sasa za wagonjwa anataka zibandikwe stika nyekundu KABLA hajapima! Nimemwambia mara ngapi, ukishajua nani mgonjwa, jicho linakudanganya. Ananijibu, "Wewe piga picha, kufikiri niachie mimi."

Kufikiri amwachie yeye!

Leo nikakosea, stika nyekundu nikaibandika kwenye picha ya mtu asiyeumwa. Sikukusudia, haki ya Mungu.

Akapima. Akaita wanafunzi wote. "Tazameni hiki kiuno! Huyu mama hata kuinama afunge kiatu hawezi!" Nao wanaandika tu.

Huyu mama!!

Nikasogea, nikasoma namba pembeni. Ni picha YANGU. Ile niliyopigwa Jumatatu, nikaingizwa kundi la wasioumwa. Mimi, niliyembeba mgonjwa asubuhi hii hii kutoka kitandani, peke yangu!

Nikamwambia mbele ya wote: hiyo picha ni yangu, stika nimekosea, na kiuno hakiniumi. Nikajua hapa ataona haya, atazipima zote upya.

Akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Pole sana," akasema. "Maumivu bado hayajakufikia tu."

Na stika yake akaiacha palepale.