Usiiache Hiyo Maabara

Akinyi, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Huku Uriri tuko wazima. Mama yako anavuna mahindi na ng'ombe amezaa. Lakini habari yako imenikasirisha. Eti unataka kuacha mafunzo ya utafiti kwenye maabara huko Homa Bay kwa sababu wenzako waliosoma shule kubwa wanasema ulichukuliwa kwa huruma? Huruma gani!

Nikiwa msichana, watafiti walikuja kututoa damu vidoleni. Nikauliza, "Damu yangu imesema nini?" Wakacheka: "Wewe utaelewa nini?" Wakaenda nayo, na mpaka leo sijajibiwa.

Sisi tuliingia maabara tukiwa ndani ya vichupa. Wewe umeingia kwa miguu yako, halafu unataka kutoka? Usiniletee kilio hapa. Kaa, uulize mpaka wachoke.

Nyanya yako