Sumu Iliyogoma Kuonekana

Jumatatu, 9 Machi

Tumekata tena. Punje kavu ya mahindi haipendi kisu, hata ikigandishwa. Inapasuka kama chaki. Sasa tunaibandika utepe kwanza, ndipo tunakata, na kipande kinatoka kizima, chembamba kuliko ganda la kitunguu. Hilo tumeliweza.

Kinachonitoa jasho ni kupuliza dawa. Bila dawa juu ya kipande, leza haiwezi kuing'oa sumu kuvu, ile inayoletwa na ukungu wa mahindi, na mashine haina cha kupima wala cha kuchora. Dawa ikilowa mno, sumu inatambaa na picha inakuwa uji. Ikikauka mno, haking'oki kitu. Na mvua ya Mbeya haikatiki, maabara nzima ina unyevu. Leo nimeigombeza hata feni.

Alhamisi, 12 Machi

Vipande vimesafirishwa Nairobi, kwenye mashine. Dokta Tusekile, bosi wangu, amesema waziwazi: baada ya hii tuna zamu moja tu. Tukikosa picha, mradi unafungwa, tunarudi kusaga punje na kupima unga kama kila mtu.

Kusaga kunakwambia sumu ipo. Hakukwambii imekaa wapi: kwenye ganda, kwenye kiini, au kwenye ule weupe tunaoula. Mimi nataka kujua. Kwetu Iringa watu wanakoboa mahindi wakiamini ubaya wote umeondoka na pumba.

Situlii.

Jumanne, 17 Machi

Picha zimekuja. Sukari ipo. Mafuta ya kiini yapo, mahali pake, mipaka safi. Hatujawahi kupata picha nzuri hivi. Sumu, hakuna. Hata chembe.

Dokta Tusekile hakunikaripia. Ameguna tu. Bora angenikaripia.

Jumatano, 18 Machi

Nimebadilisha dawa. Nimepuliza kwa karibu, nimepuliza kwa mbali, nimewasha hita, nimezima hita. Hovyo.

Punje sina wasiwasi nazo. Zimetoka nyumbani Mlandege, Iringa, kwenye gunia la Mama. Krismasi niliuona ukungu wa kijani kwa macho yangu, ndiyo maana nikamwomba anitumie. Kabla ya kuzikata sikuzipima. Nipime nini nilichokwisha kukiona?

Ijumaa, 20 Machi

Nimempigia Mama aniongezee punje, zile zile kama za mwanzo. Akasema nimpe muda, kuchambua si kazi ndogo.

Kuchambua?

"Sasa mwanangu, nikutumie uchafu huko kazini kwako? Wenzako waseme umetoka nyumba gani?"

Kumbe alikaa na ungo, akatoa kila punje yenye doa, zilizobaki akaziosha na kuzianika. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mimi napigana na dawa, kumbe hakukuwa na sumu ya kuona! Mjinga ni mimi niliyeacha kupima.

Nikamuuliza zile mbaya amezipeleka wapi. Nilitegemea aseme kwa kuku.

"Nimesagisha. Si ndio unga ninaokula, tangu Krismasi."

Sikucheka tena. Nikamwambia nakuja.

Jumapili, 22 Machi

Mlandege. "Kamwene," Mama amenisalimu Kihehe, uso umemchanua, kama vile nimekuja kutangaza uchumba. Sijakaa hata kidogo. Nimekwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya unga, nimeubeba, nimeumwaga shimoni, yeye akiniangalia. Kumwaga chakula mbele ya mtu aliyekilima ni kumtukana, najua. Nimefanya hivyo hivyo.

Amenuna. Mimi pia nimenuna. Punje mbaya zilikuwa zimebaki kidogo kwenye kopo, nimezifunga kwenye mfuko, narudi nazo Mbeya.

Jumanne, 24 Machi

Safari hii nimezipima kwanza. Sumu ipo, tena ya kutisha. Nimekata, nimepuliza. Vipande vimeondoka kwenda Nairobi.

Jumanne, 31 Machi

Sumu imewaka kwenye picha.

Kiini kimejaa, na kutoka hapo imeingia ndani kabisa kwenye weupe. Kukoboa kusingemsaidia Mama. Mipaka imekaa sawasawa, hakuna uji. Dokta Tusekile amepiga makofi, ameita mpaka watu wa chumba cha pili waje waone. Mradi umepona.

Siku zote hizi nimeomba sumu ionekane. Imeonekana, na ni chakula cha Mama. Nimetoka nje nikalia. Wenzangu wamedhani ni furaha, wakanipongeza.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Mlandege. Tumetoka kanisani, nikamwonyesha Mama picha kwenye simu. Akaniuliza sumu ni ipi. Hiyo ya njano, nikamwambia. Akaiangalia, simu ameishika kwa mikono miwili.

Akauliza kitu kimoja tu: "Na nyie wanangu, mlipokuja Krismasi, niliwapikia unga upi?"

Alichambua baada ya sisi kuondoka, lakini nikamwambia alitupikia ule mzuri, wa mahindi aliyoyachambua.

"Basi afadhali."

Akanirudishia simu. Jumatano tunakwenda hospitali kupima ini lake, amekubali. Sasa hivi amejilaza. Nimeosha vyombo, nimekaa barazani.