Niligusa Kiwiko Chako Mara Mbili

Papa wangu,

Siku ile kichupa hakikuwa na rangi yoyote. Nilikitazama dirishani, nikakitazama tena mbele ya karatasi nyeupe kama ulivyonifundisha, na maji yalibaki vilevile yalivyotoka kwenye robine, bomba letu la mtaa, bila hata dalili ya manjano. Hata hivyo niligusa kiwiko chako mara mbili. Sijamwambia mtu. Si maman, si padri, si chef wa labo. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa, na nimechelewa mwaka mzima.

Unakumbuka tulivyoanza? Ilikuwa likizo, ukanipeleka kazini kwako kwenye labo ya maji, ukasema nikakubebee machupa. Chef alikuwa mlangoni, abacost yake, koti lile la kiserikali lisilovaliwa na tai, imefungwa vifungo mpaka shingoni.

“Citoyen, leo umekuja na secrétaire?” alisema, akikuita raia kama serikali inavyotaka, na mimi karani wako. “Mimi chef sina, wewe uko naye?”

“Mugongo inaniuma, chef. Tena huyu wangu hasemi. Ndiyo sababu iko muzuri.”

Watu wote wa labo walicheka, nami nikatazama sakafu. Ilikuwa kweli kwamba sisemi. Shuleni masista walinipa kiti cha mbele wakidhani nina ugonjwa wa koo.

Tulipobaki wawili uliweka matone yako kwenye kichupa, ukakiingiza katika kile kisanduku chenye vidirisha vya manjano, kuanzia manjano hafifu hadi manjano ya papai lililoiva. Ulikuwa umenieleza tangu utoto wangu: klorini, ile ambayo watu wa mjini huiita dawa tu, ikiwa bado imo ndani ya maji, matone huyageuza manjano. Isipokuwemo, maji yameshuka mlimani peke yake, bila mlinzi. Ulisogeza kisanduku mpaka kikagusa pua yako. Ukakiweka chini.

“Unaona nini?”

“Manjano, papa.”

“Ya ngapi?”

“Ya tatu.”

Ukaandika tatu katika registre, daftari lako la vipimo. Kisha ukafuta miwani, ingawa haikuwa na kosa lolote. “Miaka yote hii nimeangalia hii rangi,” ulisema polepole. “Sasa yote iko maziwa.” Ukaniomba nisimwambie maman, maana maman angemwambia shangazi, na shangazi angeupeleka mji mzima kanisani kukuombea. Nilielewa. Mpima maji asiyeona rangi hana kazi, na nyumba yetu ya Kadutu ilisimama juu ya kazi hiyo.

Tangu siku hiyo ulihamisha raundi yako ikawa ya mchana, ili nikukute nikitoka shule. Nilisimama kushoto kwako na kikapu cha machupa, macho yangu kwenye kisanduku, kidole changu kwenye kiwiko chako. Mguso mmoja kwa kila kidirisha. Ulihesabu, ukaandika. Sifuri haikuwa na mguso. Na sifuri ilikuwa na sheria yake: anayeipata anamwita chef, wanatazama kichupa pamoja, wote wawili wanatia sahihi. Kwa miaka miwili hatukuipata hata mara moja. Nafikiri sote wawili tuliiogopa, lakini hatukuwahi kuitaja.

Nilikuwa na furaha, papa. Nataka ulijue hilo pia. Tulishuka mpaka Nguba, nyumba zenye bustani zinazoteremka ziwani, kisha tukapanda tena mpaka robine za mtaa wetu, na kila mahali waliitana, “Docta wa maji huyo.” Mama muuza sombe, hicho kisamvu chetu, yule mwenye sauti ya kengele, hakukuacha upite bure.

“Docta, maji yako inanuka lopitali.”

“Ikinuka lopitali leo, mama, kesho hautaenda lopitali.”

“Basi utuwekee kidogo tu. Sombe yangu inakuwa na harufu ya sindano.”

Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika. Nilikuwa nikiyarudia maneno hayo mwenyewe njiani kwenda shule, kimoyomoyo, kwa sauti yako.

Kisha ikaja ile siku. Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake, mito imegeuka myekundu. Ulichota maji ya robine ya Kadutu, ukayaleta labo, ukatia matone. Nilingoja rangi. Wewe ulingoja kidole changu. Chef alikuwa kwenye meza yake hatua sita kutoka kwetu, anachonga penseli. Ningekaa kimya tu, bila kugusa, ungemwita. Angekuja, angekishika kichupa, angesema, “Citoyen, angalia hapa, ni sifuri kweli ao kuna kidogo?” Na wewe ungesogeza pua.

Nilifikiri: maji ya siku moja. Kesho dawa itarudi. Lakini papa akiondolewa hatarudi. Nikakugusa mara mbili.

Uliweka kalamu juu ya karatasi, ukachelewa kuandika. Halafu ukaandika.

Tulipopita pale robine, jioni haijaingia, mama muuza sombe alikuwa ameshajaza ndoo zake. “Aksanti, docta,” alisema. “Leo umetuhurumia. Maji iko tamu, hainuki hata.”

“Iko tamu?” ulimuuliza.

“Tamu kabisa.”

Hukumfanyia mzaha. Tulikwenda moja kwa moja nyumbani.

Maman alikuwa anamenya ndizi. Ulichukua gilasi yako ya bati, ukakinga maji kwenye robine ya uani. Maman akasema, “Baba, hiyo haijachemka. Ngoja, ile ingine inapoa.” Nawe ukasema, “Nimeipima mimi mwenyewe.” Ukaniangalia, au ukageuza uso upande niliokuwa nimesimama, sijui uliona kiasi gani. Ukanywa yote. Mimi nilikuwa na kiu. Nilingoja ya maman ipoe.

Kesho yake mtu wa mtambo wa maji kule juu mlimani alikuta mpira unaoleta dawa umeziba kwa tope. Akauzibua. Hakuna aliyeuliza umeziba tangu lini, maana registre ilionyesha mbili.

Siku kama kumi na mbili zilipita. Kwanza kichwa, kisha tumbo, kisha ile homa iliyokataa kushuka. Daktari alisema ni homa ya matumbo, akasema pia kwamba inaweza kutoka popote, chakula, mikono, njia. Mtoto wa jirani aliipata, akapona. Nimeyashika maneno ya daktari, “popote”, nimeyageuza kila upande kama kichupa mbele ya karatasi nyeupe. Hayana rangi.

Siku ya mwisho ya wewe kusema, maman alikuwa ametoka kuita sista. Ulinyanyua mkono, umeshika kikombe kitupu, ukakielekeza dirishani.

“Unaona nini?”

Nilijua ni homa. Nilijua pia kwamba ndiyo nafasi yangu ya kukiri. Nikasema, “Manjano, papa.” Ukatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, au kama mtu aliyechoka kuuliza. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo.

Nilimaliza shule mwezi wa saba. Chef alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa kwenye kiti chako, akamwambia maman, “Mutoto amekua ndani ya labo. Nani atanisaidia kama si yeye?” Maman alilia kwa shukrani. Mimi nilikubali kwa sababu sikuweza kutoa sababu ya kukataa.

Blouse yako, koti jeupe la labo, ilikuwa bado kwenye msumari. Nimekunja mikono yake mara tatu. Machupa nayachemsha mwenyewe, midomo ya robine naichoma kwa moto wa pamba yenye alkoli, kama ulivyofanya, kabla ya kukinga. Raundi nimeirudisha asubuhi. Lakini nikisimama mbele ya kisanduku, mkono wangu wa kushoto hunyanyuka peke yake na kutafuta kiwiko chako. Vijana wa labo wameona. Mmoja alinitania, “Citoyenne, unamugusa nani?” Nikachukua kichupa kingine. Mara nyingine, papa, kidole hakirudi upesi, kana kwamba kimegusa kitu.

Mwezi uliopita nilipata sifuri. Robine ileile. Nilipiga kelele, mimi, mpaka chef akaangusha kalamu. “Chef, njoo, ni sifuri.” Alikuja akacheka, akasema, “Sikujua una sauti.” Tulitia sahihi, mtambo ukazibuliwa kabla ya mchana. Watu walinisifu. Nilikwenda nyuma ya jengo, nikakaa huko na kile kichupa mpaka walipoondoka.

Sasa nifikie lililonifanya nikuandikie. Registre yako imeingia unyevu, inanata. Chef amenipa daftari jipya nihamishe kurasa zote. “Copie kama ilivyo,” alisema. “Usiongeze, usipunguze. Hii ni mukono ya muzee wako.” Nimekuwa nikinakili wiki nzima, tatu, nne, tatu, na katika kila namba nilisikia kidole changu.

Leo nimefika kwenye mstari ule. Kabla ya ile mbili yako kuna doa dogo la wino, mahali kalamu ilipongoja. Hakuna doa jingine kama hilo katika registre nzima. Papa, ulikuwa unangoja nini? Ulisikia kidole kikichelewa? Ulijua pale, ulijua kwa mama wa sombe, ukanywa ili usinifanye mwongo mbele ya maman?

Nilikaa na kalamu. Nikiandika sifuri, sahihi iliyo pembeni ni yako, na wewe ndiye utakayeulizwa, hali huwezi kujibu. Nikiandika mbili, nimekugusa tena. Chef alikuwa hatua sita kutoka kwangu. Nimeandika mbili. Nilipoinua mkono niliona doa kwenye daftari jipya, dogo, mahali palepale. Sikulikusudia.

Niliitunza siri ya macho yako. Hata siku ya kukuosha, shangazi alipofumba kope zako na kusema, “Kaka yangu alikuwa na macho ya mwewe,” nilimsogezea beseni. Maman bado anasema uliondoka bila kuacha deni kwa mtu, na bado anachemsha maji. Mwache hivyo. Siku mtakapoonana huko, akikuuliza uliyapimaje maji yale, mwambie hukumbuki.

Nilikutunzia yako, papa. Nitunzie hii.

Mtoto wako,
secrétaire asiyesema