Uzito wa Kurudi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na goti lako limepata nafuu. Mimi mwili haujambo. Yako nimeipata. Unasema mumeo, tangu asimamishwe kazi, anashinda ndani akikunja nguo, nawe umemsema kwamba uzembe wake umewaaibisha nyote. Hilo ndilo ninalotaka kulijibu, kwa hiyo kaa chini kwanza.

Unajua chombo tunachosanifu kazini mimi na shemeji hakitupwi. Kinapeleka setilaiti angani, kinarudi kutua, halafu kinarushwa tena. Kikikuta setilaiti imeharibika huko juu, kinaikamata kwa mkono wake na kuirudisha ikatengenezwe. Shemeji alisanifu miguu ya kutulia ardhini. Mimi kazi yangu ni uzito: nampa kila mtu namba, naye anasanifu kwa namba hiyo.

Siku ya jaribio tulikipakia setilaiti ya bandia, tukakiinua kwa winchi, tukakiachia kitue. Mguu wa nyuma ukakatika kama muwa, na kazi ya mwaka mzima ikalala ubavu sakafuni. Mhandisi mkuu akauliza nani alisanifu mguu ule. Shemeji akainua mkono, na kufikia saa saba alikuwa amekwisha kukabidhi kitambulisho.

Dada, mguu haukuwa na kosa. Namba ndiyo iliyokuwa na kosa, na namba ni yangu. Niliandika uzito wa chombo kikitua kitupu, kama lori lililokwisha kushusha, nikasahau kuwa siku nyingine kitarudi na mzigo. Shemeji aliwahi kuniuliza kama namba ile imehesabu mzigo, nikamwambia asinifundishe kazi. Nimenyamaza wiki tatu, nakula, nacheka na watu. Naona haya kukuandikia haya.

Jana nilikwenda kwa mhandisi mkuu kukiri. Akanitolea maelezo ya shemeji. Ameandika kwamba nilimpa namba sahihi, ila yeye ndiye aliyeisoma vibaya. Nikamwonyesha karatasi ya namba ile, yenye saini yangu. Akasema shemeji arudi Jumatatu, na mimi nisubiri uamuzi nyumbani.

Kwa hiyo, dada, wiki tatu umekuwa ukimsema mtu aliyekuwa anakufichia aibu ya mdogo wako.

Wabusu watoto. Barua hii msomee yeye pia, kwa sauti, maana kumtazama usoni bado sijaweza.

Ni mimi,
Mdogo wako wa mwisho